Siku Niliyojitia Unyamwezi

Jamani, yapo mambo ya kuficha, lakini hili langu sina pa kulificha, maana walioniona ni kijiji kizima na lori zima la watu wa Mtoni, na mpaka leo nikipita sokoni Temeke kuna mama mmoja muuza vitumbua akiniona tu anaziba mdomo kwa pindo la khanga, mabega yanamtikisika. Basi bora niseme mwenyewe kuliko kusemewa. Mimi Rashidi, fundi seremala, Mmakonde wa Newala niliyekulia Temeke, nililala ndani ya kaburi la watu, mchana kweupe, na akili zangu timamu, nikagoma kutoka. Na hilo la kulala kaburini wala silo baya lenyewe.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, na mie nikifanya kazi kwenye karakana ya Bwana Jafari, Mhindi Khoja aliyezaliwa papa hapa, mwenye duka la mbao na Kiswahili cha kutushinda wengi wetu. Bwana Jafari alikuwa anajenga nyumba na akataka mlango wa nakshi, mlango wa kizamani kama ile ya Bagamoyo ambayo babu yake alikuwa akimsimulia. Akaniita. “Rashidi, wewe mkono unao, lakini macho hayajaona. Jumapili chukua pikipiki yangu, nenda Bagamoyo, katazame milango mpaka ushibe, urudi unichongee.” Jamani, pikipiki! Wakati ule mtu mweusi juu ya pikipiki, watoto walikuwa wanatoka vyooni hawajafunga kaptula ili wakuone unapita.

Sasa mjue kwamba mie nina maradhi, na maradhi yangu ni kutaka kuona. Nikiona shimo nitachungulia, nikiona watu wamekusanyika nitasogea, nikiona mzee nitamuuliza hili na lile mpaka aombe udhuru. Bagamoyo nilikuwa naisikia tu, na Kunduchi naisikia, kwamba kuna miji ya kale huko, misikiti isiyo na paa, makaburi yenye nguzo. Usiku ule sikulala vizuri kwa hamu.

Lakini kabla sijawapandisha pikipiki, kuna jambo moja mlijue. Nilikuwa nimeposa. Binti anaitwa Zena, wa Mtoni, na posa yangu ilikuwa imepokelewa lakini haijajibiwa. Baba yake, Mzee Shomari, alikuwa Mzaramo wa maneno machache, mtu wa msikitini, mwenye viatu vinavyong'aa hata siku ya mvua (sijui alikuwa anapita wapi), na alimwambia mshenga wangu hivi: “Kijana nimemsikia. Sasa niacheni nimtazame tabia.” Basi mie kila nikitoka nyumbani natembea kama niliyebeba mayai, nasalimia mpaka wasiosalimika, maana hujui nani atakwenda kumwambia nini. Zena nilikuwa nampenda, sina haja ya kuzunguka. Nilikuwa nampenda hata nikipiga randa naiona sura yake kwenye ubao.

Basi Jumapili, baada ya sala ya alfajiri, nikaondoka. Temeke hiyo, mjini hiyo, Kinondoni ya mashamba ya minazi hiyo, Msasani naiacha mkono wa kulia, barabara ya Bagamoyo inaanza kuwa mchanga, na mie koti nimelifunga vifungo vyote, kofia nimeing'ata kwa meno isipeperuke. Kunduchi nikakata kwenda kwenye magofu. Nikakuta msikiti wa mawe umeota miti ndani, na makaburi yenye nguzo ndefu, na kwenye zile nguzo wamepachika sahani. Sahani za udongo mzuri, za Kichina, zina maua ya buluu! Nilikaa pale nikizunguka kama mwizi. Nani alianza kufikiri kwamba kaburi linahitaji sahani? Ilikuwa ya marehemu mwenyewe, aliyokuwa akilia chakula, au wamemnunulia mpya? Na fundi aliipachikaje isipasuke? Nikaipapasa kingo kwa kidole, nikaikagua chokaa, nikaweka sikio kwenye nguzo (msiniulize kwa nini), na nilipozinduka jua lilikuwa limeshapanda na Bagamoyo bado iko mbali. Nikapanda pikipiki, nikaenda mbio.

Nimeshaipita Bunju, kijiji kile jina silitaji, wenyewe wapo, nikaona upande wa kushoto, ndani kidogo ya minazi, watu wamejaa uani. Wengi. Mtu mwenye akili angepita. Mie nikasema nitupie jicho mara moja tu halafu nageuza. Nikakata kona, mchanga ukalikamata gurudumu la mbele, na pikipiki ikaniamulia yenyewe: ikapita katikati ya mbuzi, ikapita katikati ya wazee walioketi mkekani, ikaenda kugonga mitungi ya maji iliyopangwa pembeni ya nyumba, nayo ikapasuka yote, mie nikaangukia kwenye tope.

Halafu nikasikia kilio ndani ya nyumba, kile kilio cha wanawake ambacho hakina tafsiri nyingine, na nikaelewa kwamba pale ni msibani, na yale maji yalikuwa ya kumuoshea maiti.

Wanaume wakasimama. Wengine walikuwa na majembe mkononi, wanatoka kuchimba. Mmoja, pande la mtu, akanijia, “Wewe nani? Wewe ni nani unayekuja kutufanyia haya?”

Hapo ndipo nilipokosea, maana ningesema “Jamani nisameheni, mimi Rashidi, fundi, mchanga umenitupa,” wangenitukana kidogo, wangenipa mtungi nikateke maji mengine, yakaisha. Lakini macho yangu yaliona majembe, na kichwani akaniingia Maganga. Huyu Maganga ni Mnyamwezi tuliyekuwa tukifanya naye kazi kwa Bwana Jafari, na mnajua Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, utani wa tangu enzi za misafara. Maganga alikuwa akipita sokoni Temeke anachukua kitumbua kwenye sinia ya mama wa Kizaramo, anakila mbele yake, anamwambia kimeungua kama uso wake, na yule mama anacheka! Mie nikigusa kitumbua bila kulipa naitiwa polisi. Basi, kijiji kile nikijua ni cha Wazaramo, nikainuka kwenye tope, nikajishika kiuno, nikasema kwa sauti, “Mnanitolea macho ya nini, watani zangu? Mie Mnyamwezi! Nimekuja kumzika huyo mchoyo wenu, na hayo maji yenu machafu nimeyamwaga makusudi!”

Wallahi sikujua hata aliyekufa ni mwanamume au mwanamke.

Upande wa wanawake kikatoka kicheko kimoja, kikazimwa, kikatoka tena, na bibi mmoja mwembamba mwenye sauti kama filimbi akatokeza mlangoni. “Mtani! Jamani, Mungu kaleta mtani! Na kweli alikuwa mchoyo, nani kamwambia?” Huyo ndiye Bi Tatu, dada wa marehemu. Yule pande la mtu akashusha jembe, akanipa mkono huku anatabasamu. Nikaambiwa mtani wao wa siku zote kasafiri kwenda kwao, na tangu alfajiri mzee wao Kibwana alipofariki walikuwa wanajiuliza nani atawaondolea uzito. Jina langu? “Maganga,” nikasema. Uongo ukishaanza kutembea, jamani, hauombi tena ruhusa.

Nikadhani yamekwisha, niokote pikipiki yangu niondoke. Thubutu! Bi Tatu akanishika mkono. “Unakwenda wapi? Mtani haondoki maiti iko ndani.” Na mnajua kazi za mtani msibani. Nikateka maji mie, mitungi ya kuazima, kisimani na kurudi, watoto wananifuata. Nikapasua kuni. Halafu Bi Tatu akaniletea kanzu ya marehemu, kofia ya marehemu na bakora ya marehemu, akaniambia, “Vaa. Tuigizie.” Nikamnong'oneza, “Bibi, mie simjui alivyokuwa.” Akanijibu, “Alikuwa haazimi mtu ngazi wala shoka. Na akija kwako anakohoa kule mbali, ili mwache kumsengenya kabla hajafika.”

Nikavaa. Nikaenda mpaka nyuma ya choo, nikaanza kuja taratibu kwa bakora, na kabla sijaonekana nikakohoa, “Khm! Khm-khm!” Jamani, ule ua uliangua! Wanawake wakaanguka mikekani. Nikafika, nikasema kwa sauti ya kizee, “Nani kaigusa ngazi yangu?” Wakalia kwa kucheka. Nikaingia ndani hivyo hivyo nakohoa mpaka alipoketi mjane, Bi Asha, ambaye niliambiwa tangu alfajiri hajalia wala hajatamka neno, anatazama ukuta tu na watu wameanza kumwogopea. Akageuza kichwa. Akanitazama ile kofia, ile kanzu. Nikakohoa. Akacheka, kicheko kidogo cha puani, halafu kile kicheko kikageuka hukohuko njiani, akalia, akalia, Bi Tatu akamkumbatia akasema, “Haya, mama, haya. Ahsante mtani, ahsante.”

Nilitoka nje nikiwa sijui nijiweke wapi. Nimeona watani wengi wakichezea misiba, na siku zote nilikuwa najiuliza watu hawa wana wazimu gani kumcheka maiti, na pale ndipo nilipoona kazi yake. Lakini mtu mjinga ukimsifu umemuua. Nilianza kujiona mie ndiye Mnyamwezi wa Wanyamwezi, Maganga mwenyewe akasome kwangu.

Mchana kaburi likawa tayari. Nilikuwa nimesikia mtani hutakiwa kulala kaburini, agome kutoka mpaka apewe haki yake, basi kabla hata hawajaniambia nikarukia ndani, nikajipenyeza kwenye mwanandani, pale pembeni anapolazwa maiti, nikajinyoosha. (Niwaambie kuna nini mle? Kuna baridi, na mizizi iliyokatwa inakutazama. Hata pale nilikuwa nachunguza.) “Hapa pangu!” nikapiga kelele. “Mchoyo wenu mtafutieni pengine, huyu hata mchwa hatawagawia!” Juu wanacheka, wananibembeleza, nami ndio kwanza najifunika kofia usoni. Nikasikia ngurumo ya lori, milango ikafunguliwa, watu wakashuka, sauti za “Poleni, poleni.” Mtu akaniambia, “Mtani, toka, ndugu zake wa mjini wamefika.”

Ningetoka! Lakini mie nimeshalewa kicheko. Kutoka mle ndani nilikuwa naona miguu tu imejipanga ukingoni. Nikasema, “Wa mjini? Ndio mnakuja leo mkinukia sabuni? Alipokuwa anaumwa hamkumletea hata ndimu! Na huyu mwenye viatu vya kung'aa ndiye ndugu yake wa tumbo moja nini? Maana matege ni yale yale, mbuzi anapita katikati hajainamisha pembe!”

Safari hii hawakucheka wote. Nikasukuma kofia, nikatoa kichwa kwenye mwanandani, nikafuata vile viatu kwa macho, nikafika kwenye kanzu, nikafika kwenye ndevu, na juu ya ndevu nikakutana na macho ya Mzee Shomari, baba yake Zena.

Mie, mdadisi wa milango, mdadisi wa sahani na chokaa ya watu waliokufa zamani, sikuwahi hata siku moja kuuliza mchumba wangu kwao asili ni wapi! Nilijua Mtoni, basi, nikatosheka.

Na mnajua mkwe ni nani. Mkwe hutembei mbele yake, huli mbele yake ukashiba, ukimwona anakuja unashuka njiani. Mie wangu nilikuwa nimemtaja matege, nimelala kwenye kaburi la ndugu yake, nimevaa kanzu ya ndugu yake.

Yule pande la mtu, kwa wema, akasema, “Mzee Shomari, pole sana. Huyu ni mtani, Maganga, Mnyamwezi. Katushikia msiba tangu asubuhi.”

“Maganga,” akasema Mzee Shomari taratibu.

“Nd-ndiyo mzee.”

“Mnyamwezi.”

Kinywa kilikuwa na mchanga. Nikatikisa kichwa kukubali, maana pale ningesema vingine, ile hadhara yote ingejua kwamba waliyemwachia mjane wao na maiti yao ni mwongo wa kupita njia. Na yeye alilijua hilo. Angeweza kunitaja kwa jina langu, neno moja tu. Badala yake akawaambia, “Mpeni mtani haki yake atoke, tumzike ndugu yangu.”

Nikapewa kuku, jogoo mwekundu, nikatoka kaburini nimemkumbatia. Tukazika. Sikufungua mdomo tena mpaka dua.

Tuliporudi nyumbani ndipo nikamwona Zena. Alikuwa amekuja na lori pamoja na wanawake (na yule mama wa vitumbua, jirani yao, msisahau), anawamiminia watu maji ya kunawa. Akainua birika, akainua macho, akaniona: kanzu ya baba yake mkubwa ina udongo mpaka shingoni, jogoo kwapani. “Rashidi?” akanong'ona.

“Rashidi nani?” akadakia Bi Tatu. “Huyu mtani, Maganga. Mmiminie maji, kafanya kazi kubwa.”

Zena akanimiminia. Maji yakapita mikononi, yakaendelea, yakanilowesha miguu, hakuacha. Nikasema kwa sauti ya chini, “Zena, nitakueleza.” Akanijibu bila kunitazama, “Ukifika Tabora, mtani, wasalimie.”

Nikaona hapa bila kumfuata mzee nimekwisha. Nikamkuta amesimama peke yake karibu na pikipiki, anaitazama mitungi iliyovunjika. Nikainama mpaka kidevu kikagusa kifua. “Shikamoo mzee.”

“Marahaba, mtani.”

“Mzee, mie nimekosa, naomba…”

Akanyoosha kiganja. “Mtani haombi radhi. Akiomba radhi si mtani tena, na hapa bado wanamhitaji mtani. Shemeji yangu kalia leo kwa sababu yako. Usiniharibie. Nenda salama.”

Basi nikaenda. Bagamoyo sikufika, mlango hata mmoja sikuuona. Njia nzima jogoo amefungwa kwenye usukani, ananiwikia usoni, na kila akiwika naona ananiuliza kabila. Nililia, sioni aibu kusema, machozi na vumbi, mpaka Kinondoni watu wakadhani nimetoka kuchimba kokoto.

Kesho yake Bwana Jafari akaniuliza, “Milango vipi?” Nikamweleza yote, maana nitasema nini, na yeye aliketi kwenye rundo la mbao akacheka akijipangusa macho, miwani mkononi. Lakini aliyenimaliza ni Maganga, Maganga wa kweli. Hakucheka. Alisimama na msumeno wake, akasema kwa hasira kabisa, “Kuku yuko wapi?” Nikamwambia yuko nyumbani. “Ni wangu! Umekula haki ya Wanyamwezi! Wewe Mmakonde ukalala kwenye kaburi letu?” Na jioni akaja akamchukua jogoo wake, na Jumapili iliyofuata akapanda lori akaenda mwenyewe kijijini, eti kuhani na kukagua kama kazi ilifanywa vizuri. Huko sijui alisema nini. Aliporudi aliniambia tu, “La kukohoa wamelisifu.”

Mie nikawa nangoja posa irudishwe. Nikipita Mtoni napita nyuma ya nyumba. Kila nikisikia hodi naona ndio mshenga huyo, kanirudishia neno langu. Matanga yakaanuliwa, hakuja. Bi Asha akawa bado yumo edani, mshenga hakuja. Nikachonga mlango wa Bwana Jafari kwa kubuni, maua ninayatoa kwenye zile sahani za Kunduchi, na nikawa nachonga kwa huzuni mpaka ukatoka mzuri.

Siku moja mshenga akaja, akaketi, akaomba maji, akanywa yote. “Nimetoka kwa Mzee Shomari,” akasema. “Kasema lile la ndimu limemuuma, kwa kuwa ni kweli, ndugu yake aliugua na yeye hakwenda. Kasema kwa hilo hana kinyongo na mtani.”

“Na mie je?”

“Ngoja. Kanipa ujumbe nimfikishie mtani Maganga, neno kwa neno.” Akajikohoza. “Mwambie Mnyamwezi huyo kwamba binti yangu kaposwa na Mmakonde mmoja wa Temeke, kijana sijamwona siku nyingi. Akikutana naye amwambie jibu lake liko tayari, aje. Na aje kwa miguu.”

Nilikwenda kwa miguu, jamani, tena nilikwenda siku ile ile na pensili ya useremala bado iko sikioni. Na tangu hapo mtu akiniuliza kabila langu, hata karani wa barazani, namtajia la baba, la mama, na la bibi yangu mzaa baba, na kijiji walichozikwa, kabla hajamaliza kuuliza.